Jinsi ya Kutazama Muvi Zote za Bourne Bila Kupotea

Bourne ni muvi za jasusi wa CIA aliyepoteza kumbukumbu, anayechezwa na Matt Damon. Wengi wanaosema haieleweki walianzia ya tatu, au waliitazama kwenye TV iliyokata picha pembeni huku sabtaito zikichelewa. Yote haya unaweza kuyatibu kabla hujabonyeza pleyi.

Hatua ya 1: Gawa siku

Muvi ni tano: The Bourne Identity (2002, dakika 119), Supremacy (2004, dakika 108), Ultimatum (2007, dakika 115), Legacy (2012, dakika 135) na Jason Bourne (2016, dakika 123). Jumla ni saa 10 kamili. Tatu za kwanza ni hadithi moja ya saa 5 na dakika 42, kwa hiyo zitazame ndani ya siku mbili, majina yakiwa bado kichwani. Mbili za mwisho zinaweza kusubiri hata wiki.

Toleo lenye sauti ya DJ juu liweke pembeni. Kwa muvi za mapigo matupu ni tamu, ila hapa nusu ya habari inapitia kwenye simu, na DJ akiongea juu ya simu umepoteza uzi.

Hatua ya 2: Tengeneza TV

Fungua menyu ya picha uzime kilainisha mwendo. Samsung wanakiita Auto Motion Plus (kwenye TV mpya, Picture Clarity), LG TruMotion, Sony Motionflow. Muvi imepigwa kwa fremu (picha moja moja) 24 kila sekunde, na TV hujitungia fremu za katikati. Kamera ya Paul Greengrass, aliyeongoza ya pili, ya tatu na ya tano, haitulii, basi TV inatunga vibaya: ngumi inaacha mkia na sura za watu zinayeyuka.

Usivute picha ijaze kioo. Bourne imepigwa kwa upana wa karibu 2.39 kwa 1, TV yako ni 1.78 kwa 1. Ukiondoa ile mistari myeusi ya juu na chini, robo ya picha inakwenda nayo. Stesheni ya Waterloo kwenye Ultimatum, Bourne anamtumbukizia mwandishi wa habari simu mfukoni kisha anamwongoza kwa sauti katikati ya umati; anaowakwepa hutokea pembeni mwa picha, palepale ulipopakata.

Kwa TV ya inchi 43 kaa mita 2 hadi 2.5. Karibu zaidi ya hapo, wenye kichwa chepesi watapata kichefuchefu.

Mazungumzo yakiwa chini na magari yakinguruma, ujue faili lina sauti ya chaneli 6 na TV ina spika mbili. Maneno hukaa chaneli ya katikati na humezwa. Badili sauti iwe stereo au PCM. Kupandisha volyumu kutawaamsha majirani tu.

Hatua ya 3: Sabtaito

Kwenye VLC, programu ya kuchezea video, ya kompyuta, G huzivuta mbele na H huzichelewesha, milisekunde 50 kila ukibonyeza. Sekunde moja ni mibonyezo 20. Hiyo inatosha kama kosa ni lilelile tangu mwanzo hadi mwisho.

Kama kosa linakua, usihangaike na G wala H. Tazama urefu wa faili. Identity ikionyesha kama dakika 114 badala ya 119, hilo limetoka kwenye DVD ya Ulaya inayokwenda fremu 25 kwa sekunde, na sabtaito za fremu 24 zitaachwa nyuma karibu sekunde 2.5 kila dakika. Tafuta zilizotengenezwa kwa fremu 25.

Hatua ya 4: Identity, na Matt Damon wa kabla yake

Kama una usiku wa ziada, tanguliza The Talented Mr. Ripley ya 1999. Damon alikuwa tayari na Oscar ya kuandika Good Will Hunting pamoja na Ben Affleck, lakini alijulikana kwa kuongea, si kwa kupigana. Mwaka 2000 alitoa The Legend of Bagger Vance na All the Pretty Horses, zote zikaanguka sokoni. Identity nayo ilirudiwa kupigwa vipande na kusogezwa kutoka Septemba 2001 hadi Juni 2002. Wachache walitegemea angetoka humo akiwa steringi wa mapigo.

Pambano la kuangalia ni la kalamu, ndani ya nyumba ya Paris.

Hatua ya 5: Fundo la Supremacy na Ultimatum

Hapa ndipo watu hupotea. Kama hujaziona, ruka aya mbili zinazofuata.

Supremacy inaishia New York: Bourne anampigia simu Pamela Landy, ofisa wa CIA, naye anamtajia jina lake halisi na tarehe ya kuzaliwa, 4/15/71. Andika namba hiyo kwenye karatasi. Ultimatum inaanza nyuma kidogo, Moscow, Bourne akiwa na jeraha. Sehemu kubwa ya muvi ya tatu inatokea kabla ya simu ile ya mwisho wa muvi ya pili. Ikifika zamu yake simu inarudi, karibu neno kwa neno, na sasa unaelewa Landy alikuwa anampa anwani: 415 East 71st Street. Ukiruka Supremacy, hiyo inakupita bila hata kujua imepita.

Kabla ya kuendelea, rudia pambano la Tangier. Muziki unazimwa, zinabaki pumzi, vyombo na kitabu chenye jalada gumu. Simamisha, kisha bonyeza E kwenye VLC usogee fremu moja moja. Utaona mikato mingi inaingia mkono ukiwa bado njiani. Kwa kasi ya kawaida jicho linaunganisha lenyewe. Ultimatum ilichukua Oscar 3, na moja ni ya uhariri wa Christopher Rouse.

Hatua ya 6: Legacy

Steringi ni Jeremy Renner. Damon anaonekana kwenye picha za mnato tu, kwa sababu hakutaka kurudi bila Greengrass. Inakwenda sambamba na Ultimatum, kwa hiyo ukiitanguliza utachanganyikiwa. Ukikosa muda, iruke.

Hatua ya 7: Jason Bourne

Tanguliza Green Zone (2010), Damon na Greengrass walewale wakiwa Iraq, kisha The Martian (2015), ambako anabeba muvi karibu peke yake kwa kuongea na kamera. Ukitoka huko, ukimya wa Bourne wa 2016 unaonekana vizuri: Damon anaongea kidogo mno na anacheza kwa mabega na macho. Maandamano ya Athens yalipigwa Tenerife, Hispania. Zima kipengele cha kuruka kwenda muvi inayofuata, maana zote tano hufunga na wimbo wa Moby, Extreme Ways, na programu nyingi hukata palepale unapoanza.