Sonona inazidi na dawa unameza: anza hapa

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya afya ya akili. Wanaolalamika kwamba dawa haziwasaidii huja kwa namna mbili: mmoja anakuja na pakiti zake mkononi, mwingine analetwa na ndugu baada ya kuziacha kimyakimya na kuzidiwa. Wa kwanza tunamhudumia haraka zaidi, kwa sababu kuna cha kuangalia. Kwa hiyo kabla ya kutupa vidonge au kujiongezea dozi, pita kwenye hatua hizi.

Hatua ya 1: Angalia hatari kabla ya yote

Je, unawaza kufa? Umeanza kupanga namna? Unasikia sauti, au umeacha kula na kunywa? Ukijibu ndiyo kwa lolote kati ya hayo, usiendelee kusoma peke yako. Mwite mtu aliye karibu, mwambie kwa maneno ya wazi: "Dada, nawaza kujiua. Usiniache peke yangu, nipeleke hospitali." Hospitali yoyote yenye kitengo cha dharura inatosha kwa kuanzia, si lazima iwe hospitali kubwa kama Mirembe au Muhimbili. Aliyeko Kenya anaweza pia kupiga 1199, namba ya bure ya Msalaba Mwekundu.

Vidonge vyote vya nyumbani, pamoja na sumu za shambani na za panya, vikae kwa mtu mwingine, nje ya nyumba ikiwezekana. Kliniki nayo inaweza kukupa dawa za wiki moja moja badala ya za mwezi. Omba hivyo bila aibu.

Wengi hunyamaza kwa kuogopa polisi. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kumshtaki aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba. Tanzania kifungu cha kosa hilo bado kimo katika Kanuni ya Adhabu, lakini kinahusu jaribio. Kumwambia muuguzi kwamba unawaza kufa si kosa Kenya wala Tanzania, na sisi tunauliza swali hilo kila siku.

Hatua ya 2: Hesabu wiki

Tafuta tarehe uliyoanza dawa, au tarehe dozi ilipobadilishwa. Iko kwenye kadi yako ya kliniki.

Fluoxetine na amitriptyline, dawa za sonona ambazo ndizo utakazozikuta zaidi katika vituo vyetu, huchukua wiki 2 hadi 4 kuanza kuonyesha nafuu, na wiki 6 hadi 8 ndipo tuseme zimefanya kazi au zimeshindwa. Maudhi yake hayasubiri. Kichefuchefu, kichwa kuuma, usingizi kukatika na wasiwasi huja siku za mwanzo, yaani mgonjwa anapata tabu kwanza na faida baadaye. Mengi ya hayo hupungua ndani ya wiki mbili.

Kuna moja ambalo sitaki ulivumilie: kutotulia. Miguu haikai, unatembea chumbani usiku kucha, unahisi kama ngozi haikutoshi, hasira zinakupanda bila sababu. Hilo linahitaji simu siku hiyohiyo, hasa kwa aliye chini ya miaka 25. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kali mwaka 2004 kwamba dawa za sonona zinaweza kuongeza mawazo ya kujiua kwa watoto na vijana, na mwaka 2007 ikalipanua hadi miaka 24. Onyo halikusema vijana wasipewe dawa. Lilitaka waangaliwe kwa karibu wiki za mwanzo, na pale dozi inapobadilishwa.

Hatua ya 3: Unazimezaje hasa?

Jibu kwa ukweli, hakuna anayekugombeza. Uliruka siku ngapi? Dawa ziliisha dukani? Mchungaji au shehe alikwambia imani inatosha? Uko kwenye mfungo na ratiba imevurugika? (Mfungo unapangika: nyingi ya dawa hizi humezwa mara moja kwa siku, kwa hiyo daktari anaweza kukuhamishia kwenye futari au daku.)

Kukata dawa ghafla huleta kizunguzungu, machozi ya karibu, ndoto mbaya, hata mishtuko kama ya umeme kichwani. Wengi huona hayo wakasema ugonjwa umerudi. Fluoxetine hukaa mwilini muda mrefu, hivyo aliyeiacha anaweza kujiona mzima kwa wiki kadhaa kabla ya kuanguka, na ikifika hapo hakumbuki hata kuvihusisha.

Angalia pia dozi. Amitriptyline ya miligramu 25 usiku ni ya kuanzia. Kwa sonona ya mtu mzima, dozi inayotibu huwa mara kadhaa ya hiyo, na hupandishwa taratibu. Bado ninakutana na watu waliokaa na 25 kwa miaka, wanalala vizuri na huzuni iko palepale. Hao si kwamba dawa imeshindwa, dozi haijawahi kufika kiwango kinachotibu. Ila kupandisha ni kazi ya daktari, kwa sababu dawa hii ikizidi huumiza moyo.

Hatua ya 4: Andika kila kingine kinachoingia mwilini

Pombe iwe ya kwanza kwenye orodha, hata kama ni "mbili tu za kulalia". Kisha dawa za TB, kwa kuwa mojawapo, rifampicin, hupunguza nguvu ya dawa kadhaa za sonona. Efavirenz, dawa ya VVU, kwa anayeitumia bado, yenyewe huweza kuleta huzuni na ndoto za kutisha. Prednisolone, dawa ya kutuliza uvimbe na pumu, nayo hugeuza hisia. Tramadol, dawa ya maumivu, usiichanganye na fluoxetine bila daktari kujua: ukianza kutetemeka, kutoka jasho, homa na kuchanganyikiwa, nenda hospitali saa hiyohiyo. Dawa za miti shamba zitaje pia.

Upungufu wa damu na tezi ya shingo inayofanya kazi chini ya kawaida huiga sonona, kwa hiyo uliza kama umewahi kupimwa. Na kama wiki hizi unalala saa mbili tatu bila kuchoka, unaongea mbio na pesa zinakutoka hovyo, sema. Huenda ni bipola, yaani ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, na dawa ya sonona peke yake inaweza kuichochea. Ukiwa mjamzito au unanyonyesha, sema pia, lakini usiache dawa kabla ya kuonana na daktari.

Hatua ya 5: Nenda kabla ya tarehe ya kadi

Beba pakiti zote na mtu anayekuona kila siku. Yeye hukumbuka usiyoyakumbuka. Omba kujaza upya fomu ya maswali 9 ya kupima sonona, PHQ-9, ambayo ipo kwa Kiswahili. Alama zake ni 0 hadi 27, na zikipanda kwa 5 au zaidi tangu mara ya mwisho, sonona imezidi kweli.

Ukifika, sema hivi: "Dokta, nilianza dawa hii tarehe fulani, naimeza kila siku isipokuwa siku hizi, na tangu wiki iliyopita nimezidiwa kwa haya." Sentensi hiyo inaokoa nusu saa ya maswali.

Anaweza kupandisha dozi, kubadilisha dawa, au kuongeza ushauri nasaha. Kubadilishiwa kusikuvunje moyo: katika utafiti mkubwa wa Marekani uitwao STAR*D, karibu theluthi moja tu ya wagonjwa walipona kabisa kwa dawa ya kwanza.

Kati ya leo na siku hiyo, chagua jambo moja dogo kwa siku, kama kuoga asubuhi au kukaa barazani na jirani, ulifanye hata bila hamu. Hamu huja nyuma.

Usitoke kliniki bila tarehe ya kurudi, na iwe ya wiki moja au mbili. Wakikwambia "rudi zikiisha", uliza: "Nikizidiwa kabla hazijaisha, nimpigie nani?" Jina na namba viandikwe kwenye kadi, mbele yako.