Kurekebisha kabureta za MGB ikipanda kutoka Moshi hadi Arusha

MGB, gari dogo la michezo la Kiingereza, ya miaka ya 1960 iliyotulia Moshi, ikifika Arusha, mita 1,400 hivi juu ya bahari, huanza kunuka petroli na plagi hujaa masizi. Hewa huku ni nyepesi, hivyo petroli huzidi hewa.

Pasha injini moto kabisa, toa vichujio vya hewa, inua pistoni ya kabureta ya SU (chapa ya kabureta zake mbili, vifaa vinavyochanganya petroli na hewa) kwa milimita moja tu. Mngurumo ukipanda na kubaki juu, petroli imezidi. Injini ikizimika, ni pungufu. Ikizidi, pandisha nati iliyo chini ya kabureta kwa upande mmoja kati ya pande zake sita, kabureta zote mbili sawasawa, kisha pima tena. Usiharakishe hapa.

Jaza pia oili ya SAE 20 ndani ya shina lenye uwazi la pistoni hiyo ya kabureta, kupitia kifuniko cha juu. Ikikauka, gari husitasita ukikanyaga mafuta ghafla, na raha ya kupanda Usa River hupotea.