Cessna 172 ya Zamani: Jinsi ya Kuikagua, Kuinunua na Kuisajili Ukiwa Marekani

Ukiingia uwanja wowote mdogo wa ndege pale Texas au Ohio, nyingi ya ndege utakazoona zimefungwa kamba kwenye majani zilitengenezwa kabla hujazaliwa. Cessna 172 ilianza kuuzwa mwaka 1956, uzalishaji ukasimama 1986, na haukurudi hadi miaka kumi baadaye. Kwa hiyo ile ambayo mfuko wa mtu wa kawaida unaweza kuifikia ina miaka arobaini, hamsini, hata sitini. Umri peke yake usikutishe. Ndege yenye miaka hamsini iliyotunzwa na kurushwa kila wiki ni bora kuliko ya miaka ishirini na mitano iliyolala hanga bila kuguswa.

Mwongozo huu ni kwa wenzetu walioko Marekani, wenye leseni ya urubani au walio mbioni kuipata, wanaotaka ndege yao wenyewe. Nimeupanga kwa hatua ambazo mimi mwenyewe ningezifuata leo, baada ya kulipa ada ya ujinga mara moja.

Hatua ya 1: Hakikisha sheria inakuruhusu kusajili

Watu wengi huiruka hatua hii. Kwa FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, ndege hupewa namba inayoanza na N ikiwa mwenyewe ni raia wa Marekani au mgeni mwenye ukaazi wa kudumu, yaani grini kadi. Ukiwa na viza ya masomo au ya kazi, huwezi kuisajili kwa jina lako binafsi, hata kama pesa taslimu ziko mkononi. Wasio na sifa hutumia udhamini: mdhamini ambaye ni raia husajili kwa niaba yao, na huduma hiyo hulipiwa kila mwaka.

Mwenye grini kadi asikimbilie kufungua kampuni ili ndege iwe mali ya kampuni. Ili kampuni ihesabiwe kuwa raia, rais wake na theluthi mbili ya wakurugenzi wawe raia wa Marekani, na asilimia 75 ya kura ziwe mikononi mwa raia. Kampuni yako na shemeji yako, nyote wenye grini kadi, haivuki hapo. Sajili kwa jina lako. Kwenye fomu utaandika namba ya kadi yako ya ukaazi.

Hatua ya 2: Chunguza namba ya N kabla ya kwenda kuiona ndege

Rejista ya FAA iko Oklahoma City, na mtandaoni unaweza kutafuta namba yoyote ya N bila malipo. Kwa kawaida utaona jina la mmiliki, namba ya kiwandani, mwaka wa kutengenezwa, aina ya injini, na tarehe usajili unapoisha. Linganisha na anachokwambia muuzaji. Kama jina la kwenye rejista si lake, muulize kwa upole hati zilizomfikishia yeye ndege hiyo ziko wapi. Kama alinunua kwa mtu na hakuandikisha, mnyororo wa umiliki umekatika, na ukimlipa utakuwa umenunua mbuzi kwenye gunia.

Kisha agiza kumbukumbu zote za ndege hiyo kutoka FAA. Gharama ni dola chache. Utapata mafaili mawili. La umiliki lina kila mauziano na kila deni lililosajiliwa juu ya ndege. Benki iliyomkopesha mtu mwaka 1994 na haikuandikisha kwamba deni lilikwisha bado inaonekana kuwa na dai. Mtu akikwambia "deni hilo lilishalipwa zamani," mwambie alete hati ya kuliachilia. Faili la ufundi lina fomu namba 337, ambayo fundi huijaza kila panapofanyika tengenezo kubwa au badiliko kubwa. Ukikuta humo kwamba bawa la kushoto lilibadilishwa mwaka 1983, na muuzaji anaapa ndege haijawahi kugonga kitu, basi umeshamjua muuzaji.

Hatua ya 3: Soma logibuku

Ndege ina logibuku tatu, yaani vitabu vya kumbukumbu za saa na matengenezo: ya mwili, ya injini, ya propela. Omba zipigwe picha ukurasa kwa ukurasa utumiwe, kisha kaa nazo jioni nzima. Logibuku ikipotea, thamani ya ndege huporomoka, kwa sababu hakuna anayeweza kuapa imeruka saa ngapi.

Tafuta ukaguzi wa mwaka. Sheria inadai ndege ikaguliwe kila miezi 12, na anayetia sahihi ni fundi mwenye kibali maalumu cha ukaguzi. Tazama saa zilizorukwa kati ya ukaguzi mmoja na mwingine. Hapo ndipo siri nyingi hukaa. Ndege iliyoruka saa nne mwaka 2015, saa mbili mwaka 2016, halafu kimya mpaka tangazo la kuuzwa, ina injini iliyolala. Kwenye injini za Lycoming, kamshafti, chuma kinachozunguka kufungua vali, imekaa juu ya krenki. Injini ikizimwa kwa miezi, oili yote hudondoka chini, kamshafti ikabaki kavu na unyevu ukaanza kuila. Tangazo litasema "saa 400 tu tangu injini ifanyiwe ovaholi," yaani ifunguliwe yote na kufanywa upya, na ni kweli, ila saa hizo 400 zimetawanywa kwa miaka ishirini na tano. Lycoming wenyewe wanapendekeza ovaholi ya injini ya O-320 kila saa 2,000 au kila miaka 12, lolote litakalotangulia. Mwenye ndege ya matumizi binafsi halazimiki kuufuata ushauri huo, lakini bei anayoitaka muuzaji iufuate.

Jambo jingine la kusoma ni maagizo ya lazima ya usalama yanayotolewa na FAA. Mengine hufanywa mara moja tu, mengine hurudiwa. Kwa Cessna, maarufu ni lile la reli za kiti: matundu ya reli yakilika, pini haishiki, kiti cha rubani huteleza nyuma ndege inapopaa na mikono inavuta usukani nacho. Reli hukaguliwa kila saa 100 au kila ukaguzi wa mwaka. Kama umeipenda Piper Cherokee badala ya Cessna, uliza kuhusu ukaguzi wa mhimili wa bawa, ulioagizwa baada ya bawa kukatika angani na kuua watu wawili Daytona Beach, Florida, mwaka 2018.

Pia fahamu kwamba 172 za mwaka 1977 hadi 1980 zilikuja na injini ya O-320-H2AD, ambayo ilipata sifa mbaya kwa kula kamshafti. Zipo nyingi zinazoruka vizuri mpaka leo. Mimi ningeinunua, lakini kwa bei ya chini na fundi mkali.

Hatua ya 4: Ukaguzi wa kabla ya kununua

Sheria haisemi ukaguzi huu uweje. Ni mapatano kati yako na fundi. Kwa hiyo mpe orodha kwa maandishi. Na awe fundi wako. Ndege ya kwanza niliyotaka kununua ilikaguliwa na fundi niliyependekezewa na muuzaji, mtu mcheshi, mwepesi wa kuchangamkia. Baadaye niliposoma logibuku vizuri nikakuta sahihi yake kwenye kila ukaguzi wa miaka sita iliyopita. Alikuwa anajikagua mwenyewe. Fundi wa pili niliyemleta kutoka mji mwingine alikaa chini ya dashibodi na tochi dakika kumi, akanionyesha mikunjo kwenye ukuta wa bati unaotenganisha injini na rubani, upande wa chini. Ndege ilikuwa imetua na gurudumu la mbele kwa kishindo, bati likakunjwa, na hakuna aliyeandika kitu.

Basi waambie mafundi waanzie hapo. Kisha injini: kompresheni ya kila silinda, ambayo hupimwa kwa shinikizo la 80 na fundi akasoma inabaki ngapi. Isomeke sabini na kitu. Ikishuka chini ya 60, uliza maswali. Lakini namba pekee haitoshi. Waingize kamera ndogo ndani ya silinda waangalie vali za moshi zimeungua sawasawa pande zote au upande mmoja. Filta ya oili ikatwe, karatasi yake ikunjuliwe kutafuta vipande vya chuma. Propela ikiwa imewahi kugonga chini, kuwe na ushahidi kwamba injini ilifunguliwa ikakaguliwa.

Kwenye mwili, adui ni kutu. Alumini haitoi kutu nyekundu. Hutoa unga mweupe, na rangi hufura kama malengelenge. Ndege iliyokaa pwani ya Ghuba ya Mexico au Florida ifunguliwe kila kifuniko cha ukaguzi, chini ya sakafu na ndani ya mabawa. Ile ya jangwa la Arizona, bati lake mara nyingi ni safi, ila raba na plastiki zimekauka. Na panya! Wanajenga viota ndani ya bawa, na mkojo wao hutoboa alumini. Ukiona majani makavu yametokeza kwenye tundu la bawa, usicheke.

Mwishoni uliza kuhusu transponda, kifaa cha redio kinachoitambulisha ndege kwa waongoza ndege. Tangu tarehe 1 Januari 2020, kwenye anga la viwanja vikubwa ndege lazima itangaze mahali ilipo kwa mfumo wa ADS-B. Bila kifaa hicho, hesabu gharama ya kukifunga.

Hatua ya 5: Bima na pesa

Pata bei ya bima kabla ya kuahidi kitu, kwa namba ya N na idadi ya saa zako za kuruka. Rubani mpya hushangazwa. Fedha zipitie kwa wakala wa kati, na wapo Oklahoma City kwa kazi hii hii: wanashika pesa, wanahakikisha hakuna deni, wanapeleka hati kwenye rejista, ndipo muuzaji analipwa. Kodi ya mauzo hutegemea jimbo. Piga simu ofisi ya kodi ya jimbo lako.

Hatua ya 6: Jaza fomu

Fomu ni mbili. Hati ya mauziano, AC 8050-2, husainiwa na muuzaji kwa jina lilelile lililoko kwenye rejista. Maombi ya usajili, AC 8050-1, ni yako. Ada ni dola 5. Ukiandika sanduku la posta, ongeza na mahali unapoishi. Chini ya sahihi andika jina lako kwa herufi zinazosomeka.

Majina yetu ndiyo mtego. Kwenye grini kadi umeandikwa majina matatu, benki mawili, leseni ya urubani umetanguliza la babu. Chagua lililo kwenye grini kadi, litumie kwenye kila karatasi bila kubadili hata herufi. FAA hurudisha maombi kwa kasoro kama hizo, na wiki zinapita.

Nakala ya maombi ibaki ndani ya ndege. Ndiyo kibali chako cha muda, siku 90, ndani ya Marekani tu. Usivuke kwenda Canada nacho. Cheti chenyewe kikifika kinadumu miaka 7. Ndani ya ndege kuwe pia na cheti cha ustahiki wa kuruka, kitabu cha mipaka ya uendeshaji, na hesabu za uzito na mlingano. Kama ukaguzi wa mwaka umepitwa na wakati na unataka kuirusha nyumbani, omba FAA kibali maalumu cha safari hiyo moja.

Anayeota kuipeleka Wilson, Nairobi, au Arusha aanze kwa kuuliza KCAA au TCAA, mamlaka za usafiri wa anga za Kenya na Tanzania, kabla ya kulipa chochote, aone kama ndege ya umri huo inapokelewa. Ndege moja haisajiliwi nchi mbili kwa wakati mmoja: alama ya N itafutwa kwanza, FAA itoe cheti cha usafirishaji nje, ndipo uombe alama ya 5Y ya Kenya au 5H ya Tanzania.