Jinsi ya kuomba visa ya China na kibali cha Tibet kwa safari ya Beijing, Xi'an na Lhasa

Ukiuliza Kariakoo au Eastleigh hukosi mtu aliyewahi kwenda Guangzhou kufuata mzigo. Atakwambia visa ya China haina maajabu: jaza fomu, peleka pasipoti, subiri siku chache. Anasema kweli. Ila visa hiyo hiyo itakufikisha Beijing, itakufikisha Xi'an, itakufikisha Shanghai, halafu Lhasa, mji mkuu wa Tibet, itagoma. Tibet ina kibali chake, na mgeni haruhusiwi kukiomba mwenyewe. Anakuombea wakala wa utalii mwenye leseni, na wakala huyo hawezi kuanza mpaka umtumie nakala ya visa iliyokwisha kubandikwa kwenye pasipoti yako.

Kwa hiyo karatasi hizi zinapandana kama vidato vya ngazi. Wengi ninaowaona wakikwama hawakunyimwa kitu chochote. Walianza na kidato cha tatu, na mara nyingi kidato hicho ni tiketi ya ndege ya bei nafuu waliyoiona usiku wakashindwa kulala.

Kwanza chagua tarehe ya kuingia Lhasa, kisha hesabu kurudi nyuma

Karibu kila mwaka Tibet hufungwa kwa wageni kuanzia mwishoni mwa Februari hadi mwishoni mwa Machi. Kipindi hicho kinaangukia karibu na Losar, mwaka mpya wa Kitibeti, na pia kumbukumbu za machafuko ya Machi 1959 na Machi 2008. Usipange safari ya Machi, hata kama mtu amekuahidi kwamba "mwaka huu itakuwa sawa".

Aprili, Mei, Septemba na nusu ya pili ya Oktoba ndiyo miezi mizuri. Julai na Agosti kuna mvua, na Wachina wenyewe wako likizo, hivyo tiketi za treni ya Lhasa zinagombaniwa. Wiki ya kwanza ya Oktoba ni sikukuu ya taifa lao. Usijiingize humo kama hupendi kusukumana. Beijing siku hizo ni Kariakoo ya mkesha wa Idi.

Ukishapata tarehe, rudi nyuma siku 30. Hiyo ndiyo siku ambayo nakala ya pasipoti na visa inapaswa iwe mikononi mwa wakala. Mawakala wengi wanasema siku 20 zinatosha, lakini karatasi ikirudishwa kwa kosa la herufi moja, zile 10 za ziada ndizo zitakazokuokoa. Kisha rudi nyuma tena wiki tatu au nne kwa ajili ya visa. Ukijumlisha unapata miezi miwili, na mimi huongeza wa tatu.

Tafuta wakala kabla ya visa

Hapa watu hushangaa: kama wakala anahitaji visa, kwa nini nimtafute mapema? Kwa sababu ratiba yake ndiyo utakayoitumia kuombea visa, na kwa sababu Tibet hairuhusu mgeni kutembea peke yake. Sheria inataka uwe na ratiba iliyopangwa na mwongozaji aliyesajiliwa, na ukitoka nje ya mji wa Lhasa uwe na gari la wakala. Hakuna anayeuza kibali kitupu. Ukikutana na mtu mtandaoni anayekuuzia kibali bila safari, funga ukurasa.

Chagua kampuni yenye ofisi Lhasa, au ya Beijing au Chengdu inayoweza kukutajia kampuni ya Lhasa itakayokupokea. Muulize mambo haya kabla hujatuma senti: kibali halisi kitanifikia wapi na lini? Kibali kikikataliwa au Tibet ikifungwa ghafla, narudishiwa kiasi gani? Hoteli ya usiku wa kwanza iko kwenye mwinuko gani? Mwongozaji ni mwenyeji wa Tibet? Majibu ya swali la pili yaombe kwa maandishi.

Ratiba ninayoipendekeza kwa anayetaka miji mikubwa na Tibet kwa pamoja ni ya siku 14 hivi: Beijing siku tatu, treni ya kasi hadi Xi'an siku mbili, Xining usiku mmoja, treni ya Lhasa, Lhasa siku tatu au nne, barabara ya Gyantse na Shigatse kuelekea Everest siku nne, kisha ndege ya kushuka Chengdu. Nitaeleza chini kwa nini Xining imo.

Visa: aina ya L, na mistari miwili ya kusoma vizuri

Visa ya utalii ni L. Fomu yake inajazwa mtandaoni, halafu unafuata maelekezo ya ubalozi au kituo cha maombi kinachohudumia mahali unapoishi. Utahitaji pasipoti yenye uhai wa miezi 6 au zaidi na kurasa tupu, picha ya sentimita 3.3 kwa 4.8 yenye mandhari meupe, uthibitisho wa ndege ya kwenda na kurudi, na hoteli au barua ya mwaliko. Andaa pia taarifa ya benki na barua ya mwajiri. Kama pasipoti yako ya zamani ina visa ya China, ipeleke. Alama za vidole nazo unaweza kuombwa.

Suala la ndege linawachanganya watu. Wanaotaka uthibitisho wanataka nafasi uliyoshikilia, kwa hiyo tafuta mahali pa kushikilia tiketi bila kuilipia yote, au nunua inayorudisha fedha.

Majina yaandike kama yalivyo kwenye pasipoti, yote matatu kama yapo matatu, kwa mpangilio ule ule. Kibali cha Tibet ni karatasi inayoorodhesha wasafiri wote wa kundi kwa jina, uraia na namba ya pasipoti, pamoja na njia mtakayopita. Ukibadilisha pasipoti katikati ya safari hii ya makaratasi, umerudi mwanzo.

Kuhusu kuitaja Lhasa kwenye fomu: ongea na wakala wako kabla hujajaza. Ofisi ya visa ikiiona Tibet inaweza kukuomba barua inayoonyesha kwamba kuna wakala anayekupokea, na barua hiyo ni yeye anayeiandaa. Usibuni ratiba ya uongo. Mtu anayekagua fomu yako amezisoma nyingi kuliko wewe.

Pia jaza kazi yako kwa ukweli. Mwanahabari na mwanadiplomasia hawapewi kibali cha watalii cha Tibet. Wao hupitia ofisi ya mambo ya nje ya huko, na hiyo ni njia nyingine kabisa. Kama unaishi China kwa masomo au kazi, utaombwa pia barua ya chuo au ya mwajiri. Wanafunzi wetu walioko Wuhan na kwingineko wengi wanakwenda Tibet kwa njia hiyo.

Visa ikitoka, usiifunge pasipoti kwa furaha. Soma mistari miwili. Mmoja unasema uingie China kabla ya tarehe gani. Mwingine unasema ukae siku ngapi kila unapoingia, na siku hizo zinahesabiwa tangu unapoingia. Watu huchanganya tarehe ya kwanza na ya kuondoka. Angalia pia idadi ya kuingia. Ukiwa na visa ya kuingia mara moja ukaamua kupumzika Hong Kong katikati ya safari, umetoka. Kurudi Beijing kutahitaji visa mpya, na Tibet utaiona kwenye picha.

Tahadhari nyingine ni ya wanaotaka kuingia Tibet kutoka Kathmandu. Njia hiyo inatumia visa ya kundi inayotolewa Nepal, na visa yako binafsi ya China ikiwa bado hai inafutwa. Kama safari yako ina Beijing na Xi'an, ingia kupitia China bara. Kathmandu iwe ya kutokea.

Kibali chenyewe

Kazi yako hapa ni ndogo: tuma picha safi ya ukurasa wa taarifa wa pasipoti na ukurasa wa visa. Isiwe na kidole pembeni wala mwanga wa taa umefuta namba. Wakala anawasilisha kwa idara ya utalii ya Tibet mjini Lhasa, na majibu hutoka ndani ya wiki mbili hivi. Usibadilishe ratiba baada ya hapo, kwa sababu kibali kinafuata njia uliyoiandika.

Kama unapanda ndege kwenda Lhasa, unahitaji karatasi halisi mkononi. Wakala huituma kwa kipeto hadi hoteli yako ya Beijing, Xi'an au Chengdu, na unatakiwa ulale hapo ikufikie. Kwa treni, nakala iliyochapishwa kwa kawaida inatosha. Katika kundi moja nililosafiri nalo, mwenzetu alibaki kaunta ya uwanja wa ndege akiwa na picha ya kibali kwenye simu. Karatasi ilikuwa bado njiani kwa sababu hoteli iliandikwa vibaya. Tuliondoka bila yeye. Alitufuata kesho yake kwa tiketi mpya aliyoilipia mwenyewe. Tangu hapo mimi huomba anwani ya hoteli kwa herufi za Kichina, naitunza, naituma hivyo hivyo.

Treni au ndege?

Ukitoka Chengdu, mji ulio mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, ndege inakufikisha Lhasa kwa saa mbili na nusu. Lhasa iko mita 3,650. Aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu ataelewa mara moja: huo ni karibu mwinuko wa Horombo, kambi ambayo kwa miguu unaifikia siku ya pili. Sasa fikiria umeshushwa Horombo ukiwa bado na kahawa ya asubuhi tumboni. Ziwa Namtso, mita 4,718, ni sawa na Kibo Hut. Kambi ya Everest upande wa Tibet ipo kwenye mita 5,200, na barabara ya kwenda huko inavuka mlango wa milima uliozidi hapo kidogo.

Ndiyo maana naipenda Xining. Ina mita 2,200 na ushee. Lala usiku mmoja, kisha panda treni inayochukua takriban saa 21 kufika Lhasa. Reli hiyo ilifunguliwa kwa urefu wote tarehe 1 Julai 2006, kilomita 1,956, na pale Tanggula inapita mita 5,072. Mabehewa yanaongezewa oksijeni, na utasaini karatasi ya kukiri kwamba afya yako inaruhusu. Treni ya moja kwa moja kutoka Beijing nayo ipo, saa 40 hivi, kama mgongo wako unaikubali. Ikumbukwe kwamba treni haikuzoeshi mwinuko kama kutembea kunavyokuzoesha. Inapunguza mshtuko tu.

Kabla ya yote muone daktari, hasa mwenye shinikizo la damu, pumu, moyo, selimundu au ujauzito. Muulize kuhusu acetazolamide, dawa ya kusaidia mwili kuzoea mwinuko. Siku ya kwanza Lhasa usioge maji ya moto kwa muda mrefu, usinywe pombe, usipande ngazi za Potala, kasri la zamani la akina Dalai Lama, viongozi wa dini wa Watibeti. Wapagazi wa Moshi wamekwisha kutufundisha neno lake: pole pole. Kichwa kikiuma na kutapika kukizidi, au ukipumua kwa shida ukiwa umekaa, unashushwa chini bila mjadala.

Miji nayo inataka pasipoti

Hapa nitapita haraka. Kasri la Kale la Beijing linafungwa Jumatatu, na tiketi zake huchukuliwa mapema kwa namba ya pasipoti. Usitegemee kununua mlangoni. Jeshi la udongo la Xi'an, lililogunduliwa na wakulima waliokuwa wakichimba kisima mwaka 1974, nalo tiketi zake huchukuliwa mapema kwa namba ya pasipoti. Tiketi za treni zinafungwa na pasipoti. Weka Alipay au WeChat, programu za kulipia kwa simu, na uunganishe kadi ya benki ukiwa bado nyumbani, ambako ujumbe wa kuthibitisha unaifikia laini yako. Kadi ya njano ya chanjo ibebe.

Ukishuka Lhasa

Uwanja wa ndege wa Gonggar uko kama kilomita 60 kutoka mjini. Stesheni ya treni iko karibu zaidi. Kibali kinakaguliwa, mwongozaji anakusubiri nje, pengine na kitambaa cheupe cha khata cha kukuvika shingoni. Usiwe na picha ya Dalai Lama wala bendera ya Tibet kwenye begi au kwenye simu. Anayepata taabu kubwa zaidi kwa jambo hilo ni mwongozaji wako, aliye na familia na leseni ya kupoteza. Askari na vizuizi usivipige picha.

Potala, iliyoanza kujengwa upya na Dalai Lama wa Tano mwaka 1645, mwongozaji anaikatia tiketi kwa muda maalumu, na ndani unapewa kama saa moja bila kupiga picha. Barkhor, njia inayozunguka hekalu la Jokhang, fuata mahujaji upande wa kulia kama mshale wa saa. Watawa wa monasteri ya Sera hufanya midahalo yao alasiri, wakipiga makofi kila hoja inapotua. Kaa kimya pembeni, hata kama huelewi neno.

Jioni ya kwanza au ya pili mwongozaji atakuomba pasipoti. Mpe. Shigatse na Everest zinahitaji kibali kingine, cha polisi, na ni yeye anayekifuatilia. Ukielekea mlima Kailash kinaongezeka cha jeshi, ambacho wakala anapaswa kuwa alikiomba mapema. Baki na nakala ya pasipoti na ya visa mfukoni. Pasipoti yenyewe itarudi kabla hamjaondoka, na utaitoa tena na tena kwenye vizuizi vya barabarani, kwa hiyo usiizike chini ya begi.