Mzee alikuwa mwalimu Bongo akafia ughaibuni: namna ya kumkumbuka bila kuishia kwenye tisheti

Msiba ukiisha watu huwa tunakimbilia vitu viwili, tisheti zenye picha ya marehemu na ule wasifu wa kusoma kanisani, alizaliwa mwaka fulani akasoma shule fulani akaoa akajaliwa watoto sita, basi imetoka hiyo. Sisi nasi tulifanya hivohivo kwa baba yetu, na wiki tatu baadae nikagundua hakuna hata mjukuu mmoja anayejua babu yake alikuwa anafundisha somo gani. Ndo nikaanza upya. Naandika yaliyotusaidia, kama na wewe mzee wako alishika chaki nyumbani halafu akamalizia maisha nje labda utaokota mawili matatu.

Kwanza elewa kwamba mzee aliyehama ana nusu mbili na karibu hakuna mtu aliyeziona zote. Watu wa Sengerema na Magu, mkoani Mwanza, wanamjua mwalimu mkuu, kijana aliyetoka Chuo cha Ualimu Butimba miaka ya 70, akawa anavuka na pantoni Kigongo hadi Busisi na baiskeli yake, enzi hizo daraja hakuna aliyekuwa analiwaza. Watu wa Minneapolis, Marekani, wanamjua babu mmoja mpole mwenye reflekta anayesimamia watoto kwenye basi la shule alfajiri baridi inakata masikio. Dada alivyopata uraia akamuombea, mzee keshastaafu, akaja, vyeti vyake huku havikumpa darasa ila watoto wa kwenye basi walikuwa wanamuita Mista Mwalimu, na sisi tulilijua hilo siku ya kuaga tu, dereva ndo alitusimulia. Kwa hiyo kazi yako ni kuwakutanisha hao watu wa pande mbili. Mengine yote ni ufundi.

Anza na grupu la WhatsApp la wanafunzi wake wa zamani. Usipoteze muda kuwatafuta Facebook, pigia mwalimu mkuu wa sasa wa ile shule au mwenyekiti wa kijiji, ukipata mtu mmoja aliyemaliza la saba mwaka fulani atakuletea wenzake wote ndani ya siku mbili. Ila funga grupu, admini peke yake ndo aandike, la sivyo utapata poleni mia mbili na matangazo ya viwanja. Waambie watume sauti inboksi kwako.

Na swali ndo kila kitu hapa. Ukiuliza "mnamkumbukaje mwalimu" utajibiwa alikuwa mtu wa watu, mcheshi, mchapakazi, yaani majibu ya kaburi lolote. Uliza kitu kinachoshikika. Ni kitu gani unaweza kukifanya leo sababu alikufundisha yeye? Alikuwa anaingia darasani na nini mkononi? Siku gani alikasirika kweli? Mimi kwa swali la kwanza tu nimepata fundi seremala anayepiga hesabu za mbao kichwani bila kikokoteo, na mama mmoja anayesema mwandiko wake wa mlazo ni wa mzee, akanitumia picha ya daftari la duka lake, kiukweli nilishtuka maana ni mwandiko wa baba kabisa.

Halafu usitafute waliokuwa watoto peke yao. Mwalimu wa miaka hiyo jioni alikuwa anarudi darasani kufundisha kisomo cha watu wazima. Tulimpata bibi aliyeanza kusaini jina lake kwenye mauzo ya pamba sababu ya yale masomo ya jioni, kabla ya hapo alikuwa anaweka dole gumba. Sauti yake ni dakika kumi na moja na nusu yake Kisukuma, sijaikata hata sekunde.

Ukitaka kupanga miaka vizuri jua na ya nchi kidogo. Azimio la Musoma ni Novemba 1974, likataka ifikapo 1977 kila mtoto awe shule, walimu hawakutosha, wengi wakachukuliwa wamemaliza la saba tu wakafundishwa ualimu hukohuko kazini. Kwa hiyo mtu akikwambia "mwalimu wangu wa UPE" (ndo huo mpango wa elimu ya msingi kwa wote) kwa dharau kidogo usinune, muulize darasa lilikuwa na watoto wangapi na vitabu vingapi.

Suala la viboko. Lazima litakuja, tena mapema. Wadogo zangu walitaka niyafute hayo masimulizi, nikakataa. Mzee alichapa, wenzake walichapa, na kuna mmoja alisema mpaka leo akisikia kengele ya ringi ya gari mikono inamuwasha, hajasamehe na hajalazimishwa kusamehe. Hukohuko kuna mwingine anasema huyuhuyu mwalimu alimlipia sare. Viache vyote viwili vikae pamoja, mjukuu akija kusoma baadae asikutane na malaika.

Makaratasi sasa. Sandukuni utakuta barua za uhamisho, maandalio ya somo, azimio la kazi (mpango wa masomo ya muhula), stakabadhi za mishahara. Usitupe maandalio ya somo hata kama yameliwa na mende, pale ndo mzee anapoonekana akiwaza. Kupiga picha weka karatasi kwenye meza karibu na dirisha, zima flashi, simu iwe sambamba na karatasi. Picha ndogo za pasipoti ni bora uziskani kwa ukali wa dpi 600. Nyuma ya picha andika kwa penseli, kalamu ya wino inapenya. Kaseti kama zipo tafuta redio kaseti inayofanya kazi, chomeka waya toka tundu la spika za masikioni uende kwenye laptopu, rekodi kwa programu ya Audacity. Kila faili lipe jina linaloanza na mwaka, weka nakala sehemu tatu. Na zile sauti za WhatsApp zitoe kwenye simu siku hiyohiyo, nilipoteza nne simu ilipodondoka kwenye sinki.

Wajukuu. Hapa wengi tunakosea, tunawakalisha tunawahadithia saa nzima wanachati. Wape kazi. Wa kwangu wa miaka kumi na tatu nilimpa ahojiane na seremala, Kiswahili chake cha kuungaunga, seremala Kiingereza hana, wakaelewana kwa hesabu. Na wao pia wahoji, maana nusu ya pili ya babu wanayo wao: alivyowapokea wakishuka basi kwa "mwangaluka", salamu ya asubuhi ya Kisukuma, hata kama ni jioni, alivyosahihisha homuweki zao kwa kalamu nyekundu wakati shule yenyewe ilikataa hiyo rangi.

Siku yenyewe, iwe arobaini au mwaka, iendeshe kama darasa. MC hatuhitaji. Minneapolis na Mwanza zinapishana masaa 8 kiangazi na 9 winta, kwa hiyo saa nne asubuhi Jumamosi huku kule ni saa kumi na mbili jioni au saa moja, watu wametoka shamba. Tuma bando mapema kwa wasio nalo. Halafu ita mahudhurio. Tuliandika rejista ya kweli, majina ya Sengerema na ya Minnesota yakichanganywa kwa alfabeti, dereva wa basi akaangukia katikati ya bibi wa pamba na seremala, kila anayeitwa anajibu "nipo mwalimu" halafu anasema jambo lake dakika mbili. Dereva tulimfundisha kutamka asubuhi yake.

Hela ikichangwa, uliza shule inataka nini kabla hujanunua. Sisi tulishakazania madawati, kumbe yapo, walikuwa wanataka kabati la vitabu lenye kufuli. Tengenezesha kwa fundi wa palepale, mlipe kwa awamu, risiti apewe mwenyekiti wa kamati ya shule.

Letu alilitengeneza yule seremala, vipimo akatumiwa na mjukuu kwa inchi, akavibadili kuwa sentimita kichwani simu ikiwa bado hewani.