Unahamia UC (Chuo Kikuu cha California) kutoka chuo cha jamii (community college)? Anza na zamu zako za usiku

Ikifika Oktoba, vijana wa kwetu hapa Sacramento huanza kunitumia ujumbe: "Dada, mimi sina shughuli zozote nje ya darasa, niandike nini kwenye fomu ya kuomba chuo?" Mara nyingi anayeuliza ni yule anayekesha kwenye nyumba ya wazee akigeuza wagonjwa, asubuhi yuko darasani, jioni anasimamia kazi za shule za wadogo zake. Shughuli anazo tele. Hajaambiwa tu kwamba zinahesabika.

Vyuo vya CSU (California State University) kwa sehemu kubwa huangalia kozi ulizomaliza na wastani wa alama, kwa hiyo huko klabu zisikunyime usingizi. UC ni habari nyingine. Fomu yao ina nafasi 20 za shughuli na tuzo, na kazi ya mshahara ina kundi lake humo humo, kama ilivyo kwa kujitolea. Lakini masomo yanatangulia. Ikiwa bado unadaiwa hesabu au kemia ya fani yako, uachie wengine uenyekiti wa klabu ukamalize kozi hizo. Ukitoka chuo cha jamii, ambacho ni cha miaka miwili, unaingia mwaka wa tatu, na msomaji wa fomu anataka kujua kama utaimudu fani.

Sasa chukua karatasi, uandike wiki yako yote kuanzia Jumatatu: zamu, kumpeleka mama hospitali na kumtafsiria, kufundisha madrasa Jumamosi, kwaya. Usichuje kwanza. Kando ya kila jambo weka saa kwa wiki na wiki kwa mwaka, maana fomu inauliza hivyo. Usiongeze hata saa moja. UC huwaomba baadhi ya waombaji uthibitisho, na uongo unaweza kufuta ombi zima.

Maelezo ya kila shughuli yana herufi 350 tu, na hapo ndipo wengi wanapoteza nafasi. "Nilisaidia wazee na kujifunza uvumilivu" haimwambii mtu lolote. Jaribu hivi: "Zamu ya usiku, wazee 12. Napima presha na joto, naandika ripoti ya kukabidhi zamu. Mzee mmoja alipoacha kula siku ya pili, nilimwita nesi. Sasa nawafundisha wahudumu wapya kumgeuza mgonjwa." Hapo tunamwona mtu anayeaminiwa. Utaiandika kwa Kiingereza, lakini kwanza msimulie shangazi yako kwa sauti; akiuliza "ulifanya nini hasa?", bado hujafika.

Shughuli inayogusa fani yako usiiache kwenye orodha peke yake. Kati ya maswali manne ya insha, moja ni la lazima kwa anayehamia: umejiandaaje kwa fani uliyochagua? Una maneno 350. Kama unaomba afya ya jamii, huyo mzee aliyeacha kula ndiye wa kuanza naye, kisha useme ni kozi gani iliyokusaidia kuelewa ulichokiona.

Kujiunga na Phi Theta Kappa, chama cha heshima cha wanafunzi wa vyuo vya jamii wenye alama za juu, ni jambo jema, ila uanachama mtupu hauna uzito. Andika ulichokifanya humo. Wala usikimbilie klabu tatu mwezi Septemba. Inaonekana wazi.

Wenye visa ya F-1, ile ya wanafunzi wa kigeni, tafadhali sana: kazi ya ndani ya chuo, isiyozidi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Usijiingize kwenye zamu za nje bila kibali. Omba kazi kwenye kituo cha kusaidia wanafunzi hesabu; inalipa, na kwa anayeomba uhandisi hakuna shughuli nzuri kuizidi.

Fomu unaweza kuanza kuijaza Agosti, na kuituma ni Oktoba na Novemba. Ukishatuma, rudi Januari ujaze alama za muhula uliokwisha. Wapo wanaosahau hatua hiyo, na ni ya lazima.