Kushusha chesisi ya pikapu katika karakana ya nyumbani

Pikapu iliyoshushwa hupendeza ikiwa imeegeshwa, lakini kazi yake hupimwa kwenye tuta la kwanza, na kwa Dodoma tuta haliko mbali. Barabara za mitaa ya Nkuhungu, Chang'ombe au Nzuguni zina matuta, mitaro na makorongo madogo yanayochimbwa na mvua za Desemba hadi Aprili. Kwa hiyo, kabla ya kuwasha grenda, amua ni milimita ngapi zitabaki kati ya ardhi na sehemu ya chini kabisa ya gari likiwa limebeba mzigo na springi zimebonyea mpaka mwisho. Kipimo hicho, wala si kile cha gari tupu lililosimama kwenye sakafu, ndicho kinachoamua kila mkato utakaofuata.

Kwa matumizi ya kila siku ningependekeza kushusha nyuma milimita 100 hadi 130 na mbele milimita 50 hivi, kwa sababu pikapu tupu kwa kawaida husimama ikiwa imeinuka nyuma. Mifuko ya hewa inayolaza gari chini kabisa ni habari nyingine, na vumbi letu halina urafiki nayo. Vyovyote utakavyochagua, iko kanuni moja isiyopaswa kuvunjwa: tairi likipasuka na gari likakalia rimu, sehemu yoyote ya chesisi, stelingi au breki isiguse ardhi. Jimbo la California nchini Marekani, ambako mtindo huu ulishamiri, limeweka kanuni ya namna hiyo katika sheria tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Ili kuihakiki, nyoosha kamba kutoka ukingo wa chini wa rimu moja hadi nyingine, mbele kwenda nyuma na kushoto kwenda kulia, kisha utazame kama kuna kitu kinachoning'inia chini ya kamba hiyo.

Upimaji ndio unaokula muda mwingi. Sakafu ya karakana ya nyumbani ni nadra kuwa sawa, kwa hiyo tumia mpira wa maji kama wafanyavyo mafundi uashi: jaza maji mpira mwembamba unaopitisha mwanga, ondoa mapovu yote, halafu weka stendi nne za chesisi kwenye kimo kimoja. Usiegemeze chesisi kwenye jeki wala kwenye matofali. Tofali hupasuka bila kutoa taarifa. Chesisi ikishatulia, shusha timazi kutoka kwenye matundu ya kiwandani yaliyo sambamba kila upande, weka alama kwenye saruji kwa msumari, kisha pima mistari ya mshazari inayokatana. Iwapo mistari hiyo inatofautiana kwa zaidi ya milimita 3, chesisi ilikwishapinda kabla hujaigusa, na hapo hakuna cha kukata mpaka inyooshwe. Andika vipimo vyote mahali pasipofutika, kwa sababu utavirudia baada ya kila hatua.

Sasa tazama ekseli ya nyuma. Katika pikapu nyingi springi za mabapa hukaa juu ya ekseli, na njia ya kushusha ni kuihamishia ekseli juu ya springi kwa kuchomelea vikalio vipya vya springi upande wa chini wa ekseli. Gari hushuka kwa unene wa bomba la ekseli ukijumlisha unene wa fungu la springi, ambao kwa pikapu ndogo hufikia takriban milimita 120 au zaidi. Ikiwa springi tayari ziko chini ya ekseli, hatua hiyo haipo, na kinachowekwa ni kipande cha chuma kizima kati ya springi na ekseli, pamoja na yubolti ndefu zaidi, yaani bolti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli. Kinachohama ni mahali ekseli inapokaa. Ekseli yenyewe isigeuzwe juu chini, kwani difu (sanduku la gia lililo katikati ya ekseli) iliyopinduliwa huzungusha magurudumu kinyume, na dereva akiweka gia namba moja gari litarudi nyuma.

Baada ya kuhamisha ekseli, nafasi kati yake na chesisi hupungua sana. Chukulia kwamba mwanzoni kulikuwa na milimita 190 na gari limeshuka milimita 125: zimebaki 65, na hapo bado hujaweka raba ya kuzuia kugonga. Ekseli inahitaji walau milimita 75 za kupanda kabla ya kukutana na raba hiyo, na kwa barabara zetu ningetaka 90. Hapo ndipo chesisi inapokatwa umbo la upinde upande wa chini, juu kidogo ya ekseli, ili bomba lipate mahali pa kuingia.

Mkato huo unaondoa sehemu inayobeba nguvu kubwa kuliko zote katika mhimili, yaani boriti refu la chuma la kila upande wa chesisi, kwa hiyo nguvu hiyo lazima irudishwe. Tengeneza kwanza kiolezo cha boksi gumu, kisha kata bamba la chuma la milimita 5 lenye upinde uleule, linalovuka mwisho wa mkato kwa milimita 150 hadi 200 kila upande. Ncha za bamba zichongwe kwa mshazari, zisiishie kwenye mstari uliosimama wima, maana weldi ya wima inayokatiza mhimili ndipo ufa unapoanzia. Kwa sababu hiyohiyo usitoboe wala kuchomelea kwa kukatiza kwenye mabawa (kingo bapa) ya juu na ya chini ya chesisi. Upinde wenyewe uzibwe kwa ukanda wa bamba uliokunjwa, ili mhimili uwe boksi lililofungwa badala ya mfereji ulio wazi. Shughulikia upande mmoja hadi umalizike ndipo uhamie wa pili, na kabla ya yote chomelea kwa muda bomba la kushikilia mihimili miwili isitawanyike.

Kuhusu kuchomelea, mashine ndogo ya inveta inayotumia umeme wa nyumbani wa volti 230 inatosha, mradi waya wa kuongezea umeme uwe mnene na mfupi. Mashine ya kuchomelea kwa waya na gesi (MIG) ni rahisi mkononi, lakini kuanzia Juni hadi Septemba upepo wa Dodoma hupuliza gesi ya kinga na kuacha weldi yenye vitundu kama sponji, kwa hiyo anayefanya kazi uani atumie rodi. Chagua rodi za 7018 za milimita 2.5, ampea kati ya 70 na 100, rodi ikiwa upande wa chanya. Rodi hizi hufyonza unyevu. Kiangazi hazisumbui sana, bali pakiti iliyofunguliwa msimu wa mvua ihifadhiwe kwenye chombo kisichopitisha hewa.

Kabla ya kugusa chesisi, jaribu mpangilio wa mashine: chomelea vipande viwili vya chuma chakavu vyenye unene sawa na wa chesisi na bamba lako, vibane kwenye vaisi, kisha uvikunje kwa nyundo nzito. Chuma kikikunjika na weldi ikabaki nzima, mpangilio wako unafaa. Weldi ikibanduka na kuacha upande mmoja unang'aa kama haukuguswa, moto haukuingia. Ongeza ampea na urudie. Kwenye chesisi yenyewe elekeza moto zaidi kwenye bamba nene, piga pointi pande zote kwanza, halafu chomelea vipande vifupi vya milimita 40 ukirukaruka kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Ukiunganisha mstari mzima kwa mkupuo, chuma kitavuta na mishazari yako haitasoma tena sawa. Tangi la mafuta liwe limeondolewa, betri na altaneta vikiwa vimekatwa, na paipu za breki zimesogezwa mbali.

Kabla ya kuchomelea vikalio vya ekseli kwa kudumu, panga pembe ya difu. Uso wa nyuma wa giaboksi na uso wa difu unapofungwa propela (shafti inayopeleka nguvu kwenye difu) vinapaswa kuwa sambamba, na kila kros jointi, yaani kiungo cha propela, ifanye kazi kwa nyuzi 1 hadi 3. Pembe isipokuwa sahihi, gari litatetemeka likishika mwendo kwenye barabara ya Morogoro hata kama magurudumu yamebalansiwa.

Pikapu nyingi za Kijapani, Hilux ikiwemo, zina vali ya breki ya nyuma inayosoma uzito wa mzigo kwa wenzo uliofungwa kwenye ekseli. Ekseli ikisogea karibu na chesisi, vali huamini kwamba gari limejaa na kuongeza nguvu ya breki za nyuma, hivyo gari tupu hukaza magurudumu ya nyuma na kuteleza kwenye lami yenye vumbi. Kishikio cha wenzo kihamishwe kwa kiasi kilekile ulichoshusha. Mafundi wengi huliruka jambo hili. Shokapu nazo ziwe fupi, kwa sababu zile za zamani zitafika mwisho kabla ya springi.

Mbele kazi ni nyepesi: kwenye gari lenye springi za fimbo za kujipinda, bolti ya kurekebishia hulegezwa kidogo kidogo kila upande, kisha gari hupelekwa kufanyiwa alaimenti.

Namba ya chesisi, ambayo kwa Hilux kwa kawaida imegongwa upande wa kulia mbele, isikatwe, isisagwe wala kufunikwa na bamba. Waulize TRA na askari wa usalama barabarani mapema kuhusu mabadiliko unayokusudia, na kampuni ya bima pia, kwani bima inaweza kukataa kulipia gari ambalo halikuwa hivyo lilipokatiwa.

Weldi zote zikishasafishwa na kupakwa redoksaidi (rangi ya kuzuia kutu), pakia mifuko kumi ya saruji, yaani kilo 500, na upime tena nafasi ya ekseli na ile kamba ya rimu. Jaribu breki kwanza kwenye uwanja ulio wazi, gari likiwa tupu na kisha likiwa na mzigo. Baada ya kilomita 100 kaza upya yubolti zote na upitishe tochi kwenye kila ncha ya bamba, ukitafuta mstari mwembamba wa kutu kwenye rangi, kwa kuwa ufa huonekana hivyo kabla haujafunguka.